Nusu Inchi

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani kwenye kibaraza cha duka la vitenge, Ngamiani, Tanga. Biashara yake yote ilikaa ndani ya daftari moja la kaunta lililobanwa kwa lastiki nyeusi ya kiuno: jina la mteja, kifua, kiuno, mabega, urefu wa mkono, kiasi alicholipa na siku ya kuja kuchukua nguo. Mteja akisema, "Fundi, niongezee kidogo hapa," Mjomba humtazama juu ya miwani na kumuuliza, "Kidogo ni ngapi?" Kwake yeye kidogo hakikuwa kipimo. Kulikuwa na robo inchi, nusu inchi na inchi kamili, basi. Nilipata kumwona akifumua mkono mzima wa koti la bwana harusi, usiku wa kuamkia harusi yenyewe, kwa ajili ya nusu inchi ambayo bwana harusi alikuwa hajaiona wala asingeiona.

Daftari hilo ninalo mimi sasa. Ukiligeuza na kulianzia nyuma unakutana na ukurasa usio na mteja hata mmoja. Una tarehe na namba tu, kwa mwandiko wake ule wa kalamu ya risasi. Machi 2009, 132/84. Miaka miwili baadaye, 136/86. Agosti 2012, 138/88. Kisha 2014, 144/90. Ni presha yake mwenyewe. Aliiandika kila alipopimwa, na mara nyingi alipimwa kwa bahati tu: siku aliyomsindikiza mkaza mjomba zahanati, au siku vijana wa afya walipoweka meza na mashine yao karibu na stendi wakipima watu bure. Pembeni ya kila namba ameandika neno lile lile: kidogo.

Ndivyo alivyoambiwa. "Baba, presha yako imepanda kidogo. Punguza chumvi, punguza mawazo." Ni maneno ya kila siku, na anayeyasema huwa ana watu arobaini wanamsubiri kwenye benchi. Simlaumu. Ninachojiuliza mpaka leo ni kwamba mtu aliyewauliza watu wa Ngamiani nzima, miaka thelathini, kidogo ni ngapi, ilikuwaje siku hiyo asiulize?

Sababu ya kwanza naijua: hakuwa anaumwa popote. Sisi neno presha tumelipa kazi nyingi mno. Mtu akikukasirisha amekupandisha presha, mtihani unakupa presha, timu yako ikiongoza bao moja dakika za mwisho uko kwenye presha. Kwa hiyo tunaamini kwamba presha ikipanda lazima mtu ajue: kichwa kitagonga, moyo utaenda mbio, macho yatakuwa mekundu. Mjomba alikuwa mtu mpole, hana ugomvi na mtu, kichwa hakimuumi. Presha ataitolea wapi? Lakini hii ya kwenye mashine ni kitu kingine. Ni nguvu ambayo damu inasukumia kuta za mishipa. Namba ya juu ni pale moyo unapokaza, ya chini ni pale unapolegea kati ya pigo na pigo, na inaweza kukaa juu ya mstari miaka kumi na tano bila mwenye nayo kupata hata kizunguzungu.

Sababu ya pili ilikuwa jirani yake pale kibarazani, mzee mmoja aliyewahi kuwa dresa zamani, na kwa hiyo ndiye daktari wa mtaa. Mzee huyo alikuwa na kanuni. Chukua mia moja, jumlisha na umri wako. Ikizidi hapo ndiyo presha, isipozidi hapo ni uzee tu. Mwaka 2009 Mjomba alikuwa na miaka 54. Mia na hamsini na nne, naye ana 132. Alicheka akasema kumbe bado ana akiba ya 22.

Kanuni hiyo haikutungwa na mzee dresa. Aliifundishwa, na waliomfundisha walifundishwa pia. Nusu nzima ya kwanza ya karne ya 20 madaktari wengi wakubwa waliamini kwamba mishipa ya mtu mzima inakakamaa kwa umri, hivyo moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi ili damu ifike inakotakiwa. Presha kupanda ilikuwa msaada wa mwili, na anayejaribu kuishusha anamdhulumu mgonjwa. Waliandika hivyo kwenye vitabu vyao bila haya.

Mtu aliyelipia imani hiyo mbele ya dunia nzima ni Franklin Roosevelt, rais wa Marekani wa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Namba zake zimehifadhiwa, na ukizisoma kando ya lile daftari la Tanga unaona njia ni moja. Mwaka 1935, akiwa na miaka 53, alipimwa 136/78. Mwaka 1937, 162/98. Mwaka 1941, 188/105. Ile ya 1935 kwa kanuni ya mia na umri ilikuwa chini kabisa. Ile ya 1937 ilizidi kwa 7 tu; imezidi kidogo, angesema dresa wetu. Daktari wa rais, Ross McIntire, alikuwa mtaalamu wa masikio, pua na koo, aliyechukuliwa Ikulu kwa sababu bwana mkubwa alikuwa anasumbuliwa na sinasi. Waandishi wa habari walipomuuliza, alijibu kwamba rais yuko vizuri kwa mtu wa umri wake.

Kwa mtu wa umri wake. Tazama jinsi maneno hayo yanavyofanya kazi. Hayasemi uongo, ila yanafunga mlango.

Machi 1944 Roosevelt alikuwa anakohoa, amekonda, anachoka asubuhi kabla siku haijaanza. Binti yake, Anna, ndiye aliyeshikilia kwamba apimwe na mtu mwingine. Akapelekwa hospitali ya jeshi la majini, Bethesda, mbele ya daktari wa moyo ambaye hajafika hata miaka 40, Howard Bruenn. Bruenn alikuta midomo imeanza kuwa ya buluu, moyo umetanuka, chini ya mapafu kuna sauti ya maji, na mashine inasoma 186/108. Moyo ulikuwa umesukuma dhidi ya ukuta mgumu miaka mingi mpaka umeanza kushindwa. Hapo ndipo watu walipojua kwamba ile kidogo ya 1937 ilikuwa inafanya kazi usiku na mchana.

Bruenn alikuja kuyaandika haya mwaka 1970, katika jarida la madaktari. Jambo moja katika maandishi yake limenikaa kuliko namba zote. Alikuwa anakwenda Ikulu mara kwa mara, anamfunga rais mkanda mkononi, anapima, anasikiliza moyo. Na mgonjwa wake hakuuliza hata siku moja kwa nini anakuja mara nyingi hivyo, wala kipimo kimesemaje. Mtu aliyekuwa anaendesha vita vya mabara yote! Nikisoma hapo namwona Mjomba ananyoosha mkono kwenye ile meza ya stendi, anaangalia pembeni kama mtu anayechanjwa, kisha anaomba tu aandikiwe namba.

Mwaka ule dawa ya maana ya kushusha presha haikuwepo. Vidonge vya kukojoza tunavyovijua leo vilikuja mwishoni mwa miaka ya 1950. Roosevelt alipewa dijitalisi ya kusaidia moyo, akapunguziwa sigara, chumvi na saa za kazi. Wakati huo huo daktari mwingine kule kule Marekani, Walter Kempner wa Chuo Kikuu cha Duke, alikuwa anawatibu watu wa presha kali kwa kuwalisha wali, matunda na sukari basi, na baadhi yao walishuka kweli. (Mtu wa pwani asikimbilie sufuria. Wali wa Kempner haukuwa na nazi, wala chumvi, wala tone la mafuta, na wagonjwa wengi walimkimbia.)

Novemba 1944 Roosevelt alichaguliwa mara ya 4. Aprili 12, 1945, kwenye nyumba yake ya Warm Springs, jimbo la Georgia, alikuwa amekaa kitini anapitia karatasi huku mchoraji, Elizabeth Shoumatoff, akimchora. Mchana kabla ya chakula akasema kichwa kinamuuma vibaya, akashika kisogo, akaanguka. Bruenn alipofika na kupima, mashine ilipita 300 juu na 190 chini. Damu ilikuwa imemwagikia ubongoni. Saa 9:35 alasiri alikata roho, akiwa na miaka 63. McIntire akawaambia waandishi kwamba jambo hili limetokea ghafla, halikutarajiwa. Ghafla! Namba zilikuwa zimepiga hodi miaka minane.

Miaka mitatu baada ya kifo hicho Wamarekani walianza kufanya kitu ambacho fundi yeyote angekielewa: walianza kupima watu. Mwaka 1948, katika mji mdogo wa Framingham, jimbo la Massachusetts, waliandikisha wanaume na wanawake 5,209 wa miaka 30 hadi 62, wakawa wanawaita kila baada ya miaka miwili, wanawapima, wanaandika, wanasubiri kuona nani atapatwa na nini. Utafiti huo bado unaendelea, sasa umefika kwa wajukuu. Madaktari walitegemea wangekuta mpaka, upande huu salama na upande ule hatari. Hawakuukuta. Walikuta mwinuko, kama barabara ya Lushoto, kila hatua uko juu zaidi ya ile uliyotoka. Mwaka 2001 watafiti wa Framingham walitoa hesabu ya wale ambao namba ya juu iko kati ya 130 na 139, au ya chini kati ya 85 na 89, kundi lililokuwa likiitwa la kawaida, ila kawaida ya juu. Walipata mshtuko wa moyo, kiharusi na moyo kushindwa kazi zaidi kuliko wenzao wa chini ya 120/80. Mwaka uliofuata zikakusanywa tafiti 61, watu milioni moja: kwa mwenye miaka 40 hadi 69, kuanzia 115/75, kila ukipanda 20 kwa namba ya juu, au 10 kwa namba ya chini, uwezekano wa kufa kwa kiharusi au moyo unakuwa mara mbili.

Rudi sasa kwenye daftari. 136/86 ya mwaka 2011, ukiilinganisha na 116/76, ni hatua moja kamili. Mara mbili. Na mwenyewe alikuwa anahesabu akiba.

Lazima niseme na upande wa pili, maana makala za afya zina tabia ya kutisha watu halafu kuwaacha barabarani. Mara mbili ya kitu kidogo inaweza ikabaki kidogo. Mtu wa miaka 40 mwenye 134/84, asiyevuta sigara, asiye na kisukari, hatakufa wiki ijayo, na pengine hata kidonge hahitaji. Wenyewe wataalamu hawajakubaliana wapi waite ugonjwa: Shirika la Afya Duniani na hospitali zetu nyingi wanashika 140/90, Wamarekani tangu 2017 wanasema 130/80, na Wazungu wa Ulaya mwaka 2024 wameweka chumba cha katikati, kuanzia 120/70 mpaka kabla ya 140/90, wakakiita presha iliyopanda. Sioni aibu katika kutofautiana huko. Kwenye mwinuko usio na ngazi, kila anayechora mstari anachora pale anapoweza kuwahudumia watu.

Ila alikuwepo tabibu mmoja Mwingereza, Geoffrey Rose, aliyeliona jambo ambalo wengi tunalipita. Wenye presha ya 200 ni wachache. Wenye presha iliyopanda kidogo ni umati. Kwa hiyo ukienda wodi ya wagonjwa wa kiharusi ukauliza wengi wao walitokea wapi, wengi hawatoki kwenye kundi la wachache waliokuwa wanatisha. Wanatoka kwenye umati. Rose aliyaandika haya mwaka 1985, na picha aliyotumia ilitoka kwetu: presha za wafugaji wa kuhamahama wa Kenya zikiwekwa sambamba na za watumishi wa serikali wa London. Siyo kwamba London kulikuwa na wagonjwa wengi na Kenya hakuna. London nzima, wazima kwa wagonjwa, ilikuwa imesogea juu.

Na hapo ndipo kanuni ya mzee dresa inapovunjika mguu. Mwaka 1929 daktari aliyeitwa Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo, magharibi ya Kenya, alichapisha vipimo vya presha vya Waafrika elfu moja. Mpaka miaka 40 walilingana na Wazungu. Baada ya 40, Wazungu wanapanda, na wale wazee wa Kavirondo wanashuka. Wana mvi, wana wajukuu, na hawana mia jumlisha umri. Nusu karne baadaye watafiti wengine wakawafuata Wajaluo waliotoka vijijini, eneo lile lile, kwenda Nairobi kutafuta kazi. Presha zao zilikuwa juu ya za ndugu zao waliobaki nyumbani muda mfupi tu baada ya kufika mjini. Hawakuwa wamezeeka kwa basi la usiku mmoja. Mkojo wao ulipopimwa ulikuwa na chumvi zaidi, na potasiamu kidogo, ile tunayoipata kwenye ndizi, mboga za majani, maharage, viazi vitamu. Miili yao ilikuwa imenenepa.

Basi si umri. Ni mji, na mji una ladha yake. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya mtu mzima isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na hiyo ni ya kila kitu. Mjomba alipoambiwa apunguze chumvi alitii: alikataza kikopo cha chumvi kisiwekwe mezani. Lakini asubuhi alikunywa supu, mchana akala ugali na ng'onda, samaki aliyelala ndani ya chumvi mpaka akakauka, na jioni akanunua mihogo ya kukaanga ambayo mwuzaji anaipasua katikati na kuipaka chumvi na pilipili kwa vidole viwili. Viungo vya vidonge alivyotia mkaza mjomba kwenye mchuzi sivihesabu.

Mwaka 2016 alifika 152/94. Safari hii hawakumwambia kidogo, walimpa vidonge vya kukojoza. Akavimeza mwezi mmoja na siku kadhaa. Akaniambia kwenye simu, "Mjomba, hivi vinaniinua kwenye cherehani kila saa. Na kichwa hakiniumi, sasa natibu nini?" Nilimjibu nini? Nilimwambia basi apumzike kidogo arudi akaulize. Ndiyo, mimi. Nililitumia neno lile lile.

Nimejaribu sana kutafuta namna ambayo ningemweleza, na nadhani ningeanza na lastiki. Lastiki ya kaptula ya shule ikiwa mpya, unaivuta inarudi. Ivute kupita kiasi mara moja, bado itarudi. Sasa ivute kupita kiasi, robo inchi tu, mara laki moja kwa siku, maana moyo unapiga kiasi hicho kutoka alfajiri hadi alfajiri, siku zote za mwaka, miaka minane. Mshipa wa damu ni hivyo. Ukuta wake unaojinyoosha na kurudi unageuka mgumu na mnene, na ndani kunakuwa na mikwaruzo ambamo mafuta yananata. Ile mishipa midogo iliyozama ndani ya ubongo, myembamba kuliko uzi wa pamba, ndiyo inayopata shida kwanza, ama inaziba, ama inapasuka. Chujio za figo nazo ni mishipa. Nyuma ya jicho ni mishipa. Moyo wenyewe, kwa kusukuma lango zito, unajenga msuli kama mpagazi, na msuli wa moyo ukinenepa haulegei vizuri. Fundi wa nguo angenielewa kabla sijamaliza. Lakini nilikuwa sijui haya, au nilikuwa nayajua kama mtu anavyojua nchi ambayo hajafika.

Ilikuwa Jumanne, Julai 2017, saa mbili asubuhi, msimu wa sare za shule. Mwanafunzi wake ndiye aliyenisimulia. Fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano ya mkono. Akakosa. Akalamba uzi, akakosa tena. Akacheka, akasema miwani imezeeka. Mara ya tatu uzi ukaanguka, naye akawa anautazama pale chini kama anautafutia jina. Kijana akainama kumwokotea, na alipoinuka akaona mdomo wa fundi umeenda upande mmoja na udenda unashuka kwenye kola. Akamwuliza, "Fundi, vipi?" Maneno yaliyotoka hayakuwa maneno.

Mtaa ulifanya ambacho mtaa hufanya. Mmoja alisema upepo mbaya, mwingine akasema apelekwe kwa mtu wa kusoma kabla ya hospitali, wa tatu akaleta mafuta ya kuchua. Mzee dresa, na hili nampa haki yake, alitoka kibarazani kwake bila viatu akasimamisha bajaji na kusema kiharusi hakisubiri kuchuliwa. Hospitalini mashine ilisoma 178/104. Si 300. Haikufika huko kabisa. Daktari aliyempokea alimwuliza mkaza mjomba kama mzee ana historia ya presha, akajibiwa, kwa moyo safi kabisa, "Hapana mwanangu. Huwa inapanda kidogo tu."

Mjomba hakuwa peke yake. Watafiti waliopita Ilala, Dar es Salaam, na kijiji kimoja cha Hai, Kilimanjaro, miaka ya 1990, walikuta kwamba katika kila watu watano wenye presha ya juu, hata mmoja kamili hakuwa anajua anayo. Na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika mmoja kwa mia. Baadaye, walipohesabu viharusi kwenye maeneo kama hayo, na kurekebisha hesabu kwa umri, mjini Dar es Salaam vilipita 300 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Hai vilikuwa karibu 109. Ukitoka Hai kwenda Dar ni safari ya siku moja.

Mjomba aliishi miaka mitatu na miezi baada ya hapo. Mkono wa kulia haukurudi, mguu ulirudi nusu, maneno yalirudi taratibu, na yalianza na matusi, jambo lililomfurahisha mkaza mjomba kuliko dua zote. Alimfundisha kijana wake kukata, yeye amekaa kwenye kiti cha plastiki anaelekeza kwa fimbo. Aliacha ng'onda. Alitembea kila asubuhi mpaka kona ya pili na kurudi, mguu mmoja unaandika mstari kwenye vumbi. Vidonge alivimeza kila siku, na vilipomwinua aliinuka.

Na akanunua mashine yake mwenyewe, ile ya kufunga mkono wa juu. Muuguzi wa kliniki ya presha, binti mdogo mwenye subira, alimfundisha: ukae dakika tano kabla, mgongo umeegemea, miguu chini haijapandana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi si juu ya shati, haja ndogo umeshaimaliza, kahawa hujanywa nusu saa, na usiongee. Upime mara mbili, uandike zote. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwambia binti huyo kwamba angefaa kuwa fundi.

Ukurasa ule wa nyuma kwa hiyo unaendelea. Baada ya 152/94 kuna pengo, halafu unaanza mwandiko mwingine, wa mkono wa kushoto, namba zinapanda mlima na saba imegeukia upande usio wake. Kila Jumatatu na Alhamisi. 148/90. 141/88. 133/82. Neno la pembeni halipo tena. Kuna siku moja tu, mwaka 2019, aliyoandika kitu zaidi ya namba. Imeandikwa 139/85, imekatwa mstari mmoja, na chini yake: "Nilikuwa naongea. Pima upya." Chini ya hapo, 127/78.

Lastiki ya daftari imelegea. Nimelifunga kwa uzi.